Shimo la Nyuma ya Jiko Langu

Hivi wewe unayenisikiliza, ulipokuwa mtoto hukuwahi kuchimba shimo ukitaka kutokea upande wa pili wa dunia? Usione haya. Sote tumechimba. Mwingine alichimba kwa kijiti, mwingine kwa kifuu cha nazi, mwingine kwa kucha zake mwenyewe, na sote tuliacha tulipofika kwenye udongo mgumu au tulipoitwa kula. Mtoto akiitwa kula huiacha dunia ilivyo, akaenda kunawa mikono. Hiyo ndiyo hekima ya utotoni. Nchi yetu ilipata bahati ya kutawaliwa na mmoja ambaye hakuitikia alipoitwa.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko wakunga, na barabara yake nzuri kuliko zote ni ile inayotoka uwanja wa ndege kwenda Ikulu. Ukishaijua, nyamaza. Mimi Nyangeta nimesoma darasa la saba tu, mambo makubwa yananipita kimo. Nasimulia niliyoyaona kwa macho haya, nikiwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko langu, siku zile lilipokuwa jiko.

Nyuma ya jiko hilo, enzi za mama yangu, palikuwa na kipande cha ardhi laini tulipomwaga maji ya kuoshea vyombo. Hapo ndipo tulipochimba, mimi na mtoto wa jirani, Machumu, ambaye sisi tulimwita Chumu. Mwalimu alikuwa ametuonyesha dunia kwa danzi, lile chungwa chungu. Alilichoma kwa sindano ya kushonea magunia mpaka ikatokeza ng'ambo, akasema, "Huku tuko sisi, kule wako wengine, na nyayo zao zinatazamana na zetu." Kisha akalikamulia danzi kwenye samaki wake. Sisi wengine tulimkumbuka samaki. Chumu alizikumbuka nyayo.

"Nyangeta," akaniambia, "twende tukawatekenye."

Kazi tukagawana hivi: mimi nilichimba, yeye alisimamia. Alikaa juu ya kinu alichokipindua, miguu inaning'inia, akawa ananihimiza, "Ongeza bidii! Nawasikia wanacheka." Tulitumia upawa wa mama yangu, wa kifuu cha nazi na mpini wa mpera uliolainishwa na mikono ya bibi yangu kabla ya ya mama. Shimo lilipofika kiunoni, Chumu akashuka mwenyewe mara moja tu, ili na yeye aonekane. Akapiga upawa kwenye jiwe, mpini ukabaki mkononi, kifuu kikavunjika vipande. Mama akatoka jikoni. Chumu akaninyooshea kidole. "Ni yeye, mama."

Nikachapwa mimi. Yeye akakaribishwa wali, kwa kuwa alikuwa mgeni.

Mimi ni mtu wa subira. Lakini subira na usahaulifu havikuzaliwa nyumba moja, na wakubwa wengi hulifahamu hilo wakiwa wamechelewa.

*

Miaka ikaenda. Mama akafariki, kiwanja nikaachiwa mimi. Nikaolewa na Mkwizu, fundi wa magodoro ya sufi, naye akahamia kwetu, maana nyuma ya jiko palikuwa na msufi mkubwa na yeye kazi yake ndiyo hiyo. Alikuwa mtu mwepesi, wa mwendo na wa maneno. Maisha yake yote alichambua sufi kwa vidole na kuijaza kwenye vitambaa, na kitu kimoja alikuwa hapatani nacho: uzito. Blanketi nene alilipiga teke usingizini. Koti alilivaa siku ya harusi yetu, akalivua kabla wali haujafika. Ukimwekea mkono kifuani akiwa amelala, atauondoa polepole, aubusu, aurudishe kwako.

Alipougua akaniambia, "Mke wangu, nikitangulia usinijengee saruji. Nitandazie udongo kidogo tu, kama unavyofunika mihogo isinyauke. Mimi uzito siuwezi."

Nikamzika chini ya msufi, nikamtandazia udongo kidogo, juu yake nikapanda mchaichai. Asubuhi nilichuma majani mawili matatu ya chai yangu, nikamwambia habari za mji. Ndivyo tulivyoishi, mimi juu na yeye chini, bila ugomvi.

Wakati huo Chumu naye alikuwa ameshakua. Aliitwa Mtukufu Daktari Machumu, Dira ya Taifa, Mtazama Mbali. Udaktari alipewa na chuo alichokijenga yeye, siku ya kukifungua, na walimu aliowaajiri yeye. Picha yake ilikuwa kila mahali, mpaka kwenye viberiti, ukitaka kuwasha moto lazima umkwaruze kwanza.

Siku moja akaja kwangu.

Hakupiga hodi. Nataka ulishike hilo. Magari hayakutafuta hata mlango wa ua. Yalipita juu ya ua wenyewe, mabua yakalala chini, kuku wangu wakapanda juu ya paa wakawa wanatazama kama wajumbe wa baraza. Akashuka Mtukufu, akaja mpaka kwenye kigoda changu, akainama mbele ya wapiga picha.

"Shikamoo, Bibi!"

Tulizaliwa mwaka mmoja, mvua moja. Lakini nikaitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi, hata ya mwizi.

"Hujanisahau, Bibi?"

"Nitakusahauje, Mtukufu, na nakuwasha kila asubuhi?"

Wakacheka kidogo, kisha wakaona yeye hajacheka, wakaacha. Akapanda juu ya kinu changu. Kilikuwa kilekile.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Hapa, kwa mikono hii, nikiwa mtoto, nilichimba!" Akainua mikono, laini kama maandazi. "Wenzetu wamepanda mwezini wakarudi na mawe. Mawe! Sisi mawe tunayo! Sisi hatupandi, sisi tunapenya! Tutachimba mpaka tutokee Upande wa Pili wa dunia, na tukifika, ndugu zangu, tutawatekenya nyayo!"

Mawaziri walipiga makofi mpaka mmoja saa yake ikaruka. Nami nikapiga kidogo, kwa adabu. Jioni ile ile redio ikatangaza kwamba kiwanja cha Bibi wa Shimo sasa ni Eneo la Ndoto ya Taifa. Bibi wa Shimo ni mimi. Nilijua kwa redio.

Tena ikatangazwa kwamba ile methali ya mchimba kisima imepigwa marufuku. Kwa hiyo mimi hapa siwezi kukutajia. Wewe unaijua, na mwisho wake unaujua. Usiseme kwa sauti.

*

Zikaundwa wizara mbili. Moja Wizara ya Shimo, ya kuutoa udongo. Nyingine Wizara ya Udongo, ya kuupeleka mbali. Wizara ya Shimo ilifanya kazi yake. Wizara ya Udongo ilikuwa na malori mapya yenye mapazia, lakini mafuta ya malori yalikuwa yakitumiwa na misafara ya kuja kukagua malori. Kwa hiyo udongo ukitoka shimoni uliwekwa hapo hapo pembeni, kwa muda. Na pembeni pa shimo palikuwa chini ya msufi.

Niliwakuta vibarua wamekwisha mwaga toroli la kwanza juu ya mchaichai.

"Wanangu, hapo pana mtu."

"Yuko wapi, Bibi?"

"Chini."

"Aa, basi hapati shida, Bibi. Sisi tunaweka juu."

Wakaendelea kumwaga. Udongo ukaufunika mchaichai, ukaufunika msufi kiuno, kifua, kichwa. Ukala nyumba yangu, ukala jiko langu na mafiga yake. Mwishowe ukawa mlima, na Waziri wa Udongo, Mheshimiwa Kapalata, mtu mwenye sauti nzito na shingo fupi ya kuibebea, akaja kuuzindua.

"Kuna watu wanauita huu uchafu," akasema. "Huu si uchafu! Haya ni mafanikio, yamepumzika nje kidogo! Kuanzia leo huu ni Mlima wa Mafanikio!"

Wakasimika kibao: USIKANYAGE MAFANIKIO. Kikasimikwa, kwa kadiri ninavyokisia, usawa wa kifua cha mume wangu.

Usiku sikulala, mchana sikula. Wewe fikiria mtu aliyekuwa akiuondoa mkono wangu kifuani kwa sababu ya uzito, leo analaliwa na mlima wa serikali. Nikajifunga kanga, nikaenda ofisini.

Afisa wa Wizara ya Udongo alinipokea vizuri sana. "Karibu Bibi, kaa hapa, jisikie nyumbani. Sema unachotaka."

"Mwanangu, nataka ule udongo—"

Simu ikalia. Akaongea, akacheka, akaulizia habari za mbuzi wa harusi, akakata. "Enhe. Muda wa kusikiliza wananchi umekwisha, Bibi. Lakini nimekuelewa."

Nikaenda Wizara ya Shimo. "Bibi wa Shimo mwenyewe! Wewe ni hazina yetu! Tuambie, unataka nini?"

"Nataka udongo wenu ule—"

"Udongo?" Akasimama kabisa. "Bibi, udongo ukishavuka ukingo si wetu tena. Sisi kazi yetu ni kutoa. Kurudisha hatuna idara."

Nikaenda mpaka kwa Makamu wa Mtukufu, Mheshimiwa Lusinge, mtu mwembamba anayetabasamu kila saa kama anayesubiri kitu. Akanishika mikono yote miwili. "Mama yangu, mimi mlango wangu uko wazi. Sema, unataka nini?"

"Baba, nataka—"

"Basi," akasema, "litafanyiwa kazi." Nikapewa kanga. Katikati ilichorwa duara jeusi, na jina lake chini: SHIMO LETU NJIA YETU. Nikaikunja vizuri, nikaenda nayo. Nilipanga kibanda upande wa pili wa barabara, mkabala na kiwanja changu, nikaanza kupika uji.

Usinione mjinga. Uji una masikio.

*

Hapa sharti nikueleze desturi moja ya nchi yetu, maana bila hiyo hutaelewa. Inaitwa Afunguaye Hutangulia.

Zamani mkubwa mmoja alifungua daraja. Akakata utepe, akahutubia, akaondoka kwa njia ya zamani, na kesho yake daraja likaanguka na watu na punda wao. Wananchi wakachachamaa kweli kweli, hawakutulia mpaka ikawekwa sheria: mkubwa akifungua kitu, yeye ndiye wa kwanza kukitumia, mbele ya macho ya watu. Tangu hapo tumeona mengi. Tumemwona waziri akilazwa kwenye kitanda cha wodi mpya na kupigwa sindano. Tumemwona mwingine akifungua vyoo vya sokoni, akaingia, mlango ukafungwa, bendi ikapiga mpaka alipomaliza, na watu wakampigia makofi alipotoka. Ni desturi nzuri. Imepunguza sana mambo ya kufunguliwa.

Na Shimo nalo likawa halifunguliwi. Kila mwaka, kwenye Siku ya Shimo, tunaambiwa limefika asilimia tisini na tisa. Mwaka unaofuata, tisini na tisa na ushei. Balozi wa Upande wa Pili alikwisha teuliwa, anapewa nyumba na gari, kila asubuhi anaonekana bustanini anafanya mazoezi ya kusimama kwa kichwa. Mtukufu alikwisha saini Sheria ya Wageni wa Shimo, kwa hofu kwamba watu wa kule wakiona tundu watatumiminikia: mtu yeyote atokaye shimoni ni lazima apige hodi, na haruhusiwi kukanyaga ardhi mpaka mwenyeji wa kiwanja amwitikie karibu. Yeye huyo, aliyepita juu ya ua wangu, akaona hodi ni kitu cha maana.

Wachimbaji walikuwa wakinywa uji kwangu. Vijana wazuri, mikono misafi. Ikanishangaza hiyo mikono.

"Wanangu, mnachimba bila kuchafuka?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Bibi, niongezee sukari." Nikamwongezea. Akasema, "Chini pana jiwe."

"Jiwe gani?"

"Jiwe, Bibi. Jiwe la dunia yenyewe. Tulilikuta siku nyingi. Tukamwambia msimamizi, msimamizi akamwambia mkubwa wake, mkubwa wake akasema jiwe lisitajwe mpaka lipate kibali. Sasa tunashuka, tunacheza karata, tunapanda."

Nilikuwa nimekisia. Shimo la kutokea upande wa pili wa dunia husikii redio ya waliomo, na mimi nilikuwa nasikia mpaka matangazo ya sabuni. Kina chake kilikuwa kama minazi miwili, mmoja umepanda begani pa mwenzake. Mtaa mzima ulijua. Wizara mbili zilijua. Kila mtu alijua isipokuwa yule mmoja, kwa sababu aliyempelekea habari mbaya mara ya mwisho alipelekwa kuwa mkuu wa kituo cha treni mahali pasipo na reli.

"Na siku ya kufungua?" nikauliza.

"Hatafungua, Bibi. Wanamchelewesha mpaka afe kwa uzee. Wameshapigilia na mlango wa mbao kule chini, umepakwa rangi, umeandikwa KARIBU UPANDE WA PILI. Wakija wakaguzi wanaonyeshwa kwa darubini."

Nikakoroga uji. Nikamfikiria mume wangu. Nikawaambia, "Kunyweni, wanangu, leo ni bure."

*

Siku ya Shimo ilipofika nikajifunga ile kanga yenye duara jeusi, nikakaa mstari wa mbele. Bibi wa Shimo huwekwa mbele kila mwaka, kama chungu cha maua. Mtukufu alihutubia mpaka kivuli chake kikahama. Alipofika kwenye "asilimia tisini na tisa, nukta tisa," nikasimama, nikapiga kigelegele. Nakwambia nilikipiga kile kigelegele kwa pumzi ya miaka yote.

Watu wakageuka. Mtukufu akafurahi. "Bibi yetu ana neno! Mpeni kipaza sauti!"

"Sina neno, Mtukufu," nikasema. "Mimi ni mzee, nasubiri siku zangu. Nina ombi la ajuza. Hiyo nukta iliyobaki, nani ataimaliza kama si wewe? Ulianza na mimi kwa upawa. Naomba kabla sijafumba macho nikuone ukifika, ukawatekenye."

Nilipokaa, uwanja ulilipuka. "Afungue! Afungue! Afungue!" Nikamwona Waziri Kapalata anafuta shingo. Nikamwona Waziri wa Shimo amekaa juu ya mikono yake. Makamu Lusinge alikuwa anatabasamu, ila safari hii meno yote.

Na Mtukufu? Mwanangu, nitasema kweli. Uso wake ulirudi kuwa wa mtoto juu ya kinu. Alikuwa anasikia watu wanacheka huko chini.

"Nitafungua!" akasema. "Na nitatangulia!"

*

Likazuka suala la namna ya kushuka. Wataalamu walikaa kikao. Akishuka kwa miguu atatokea kule miguu kwanza, jambo la aibu kwa mkuu wa nchi. Akishuka kwa kichwa atatokea vizuri, lakini ataondoka kwetu vibaya. Wakaamua ashuke kwa miguu, na katikati ya dunia kengele ilie, ajigeuze.

Siku yenyewe Wizara ya Udongo ilileta gwaride la heshima, vijana waliovaa glavu nyeupe, kila mmoja na sepetu mpya begani, inang'aa mpaka unajiona. Walipangwa chini ya Mlima wa Mafanikio. Mimi nikawekewa kigoda changu karibu na ukingo, kama mwenyeji wa kiwanja. Nilikuwa nimebeba ungo wa choroko, nichambue, maana sherehe za serikali ni ndefu.

Mtukufu akakata utepe. Afisa Uhamiaji akasogea, akapiga saluti, akagonga muhuri kwenye paspoti: ameondoka nchini. Watu wakashangilia. Akaketi kwenye kiti cha mahameli kilichofungwa kwenye winchi, kifuani amebanwa kipaza sauti, ili taifa zima lisikie maneno yake ya kwanza kutoka Upande wa Pili. Maneno yenyewe yalikuwa yameshachapwa kwenye fulana: HABARI ZA HUKU.

Akashuka. Tukasikia anahema. Kengele haikulia. Kabla bendi haijamaliza ubeti, kiti kikagota.

"Nimefika?" ikasema spika.

Bendi ikamaliza ubeti wake.

"Upesi hivi? Enhe, mlango huu hapa." Tukasikia anashuka kitini. Winchi, bila agizo la mtu niliyemwona, ikakivuta kiti juu kitupu. Tukasikia kitasa. Tukasikia mlango ukilia. Kisha tukasikia kimya, na kimya kile kilitangazwa na redio zote.

"Hili ni jiwe," ikasema spika. "Kapalata? Hapa pana jiwe. Nyuma ya mlango pana jiwe."

Bendi ikaamriwa ipige. Ikapiga. Alipokuwa akipiga kelele ilionekana kama anaimba.

"Nipandisheni!"

Afisa Uhamiaji akasogea kwenye ukingo, akapiga saluti kuelekea chini. "Mtukufu, samahani. Umeshaondoka nchini. Kuingia, lazima uwe umetokea nchi fulani. Unatokea nchi gani?"

"Sitokei nchi yoyote! Niko hapa chini!"

"Sheria haina nchi iitwayo Hapa Chini, Mtukufu."

"Lusinge! Lusinge, mwambie!"

Makamu alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti kikubwa, cha kukijaribu tu, alisema. "Mtukufu," akajibu kwa upole, "sheria ni msumeno, ulitufundisha mwenyewe. Ila ipo njia. Atokaye shimoni hupiga hodi. Mwenyeji akikukaribisha, basi umeingia."

Shingo zote zikageuka, zikanitazama. Mimi nikawa natoa kijiwe kwenye choroko.

*

Ilichukua muda. Kupiga hodi kwa mtu mzima aliyezoea milango kufunguka yenyewe si jambo dogo. Mwishowe ikatoka, nyembamba.

"Hodi."

Nikachambua.

"Hodi!"

"Nani?" nikauliza.

"Mtukufu Daktari Machumu, Dira ya Taifa, Mtazama Mbali!"

"Simjui."

"Mimi ni Rais wako!"

"Rais wangu ameondoka nchini. Nimeona kwa macho yangu anagongewa muhuri."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wawili. Halafu kicheko kikatembea uwanja mzima kama moto kwenye mabua, na nadhani kule chini hatimaye aliwasikia watu wanacheka, ila walikuwa juu.

"Nyangeta," ikasema spika. Tangu arudi na magari yake hakuwahi kulitamka jina langu. "Nyangeta, ni mimi. Chumu."

"Chumu yupi? Nilimjua Chumu mmoja. Kuna upawa wa mama yangu ulivunjika. Chumu huyo alijua nani ameuvunja."

Bendi ilikuwa imeacha, tarumbeta mdomoni.

"Mimi," akasema. "Niliuvunja mimi."

"Sema vizuri, taifa linasikiliza."

"Niliuvunja mimi! Wewe ulichimba, mimi nilikaa! Nyangeta, kuna giza huku, na maji yananifika viatuni. Hodi! Hodi jamani!"

"Unataka nini, Chumu?"

"Nataka nyumbani."

Neno lile lilinishika. Nisikudanganye, lilinishika. Niligeuka nikatazama nyumbani. Nikauona mlima, na kibao chake, na chini ya kibao nikamwona mtu mwepesi, wa vidole vya sufi, anajaribu polepole kuuondoa mkono wa serikali kifuani pake, na hakuna wa kuupokea.

Makamu Lusinge akainuka, akanijia na kipaza sauti, akapiga goti mbele ya wapiga picha. "Mama mwenyeji," akasema, "neno ni lako. Taifa linakuuliza: wewe unataka nini?"

Nikasubiri simu ilie. Haikulia. Nikasubiri muda uishe. Hakuna aliyetazama saa. Kapalata alinitazama, gwaride lilinitazama na sepetu zao begani, na kutoka shimoni spika ilikuwa inahema. Nikauweka ungo chini, nikajifunga kanga upya, nikasema kile nilichokwenda nacho ofisi hadi ofisi.

"Nataka udongo huu wote urudi ulikotoka. Na muanze sasa hivi, wanangu, maana mume wangu uzito hauwezi."